Pigo la Nne Halipigwi

Mtihani ulianza saa nane mchana katika ukumbi mdogo wa chuo cha muziki, ule wenye feni moja inayozunguka kwa kujivuta. Watahini walikuwa watatu: mkuu wa chuo, mwalimu wa nadharia, na mama mmoja wa wizarani aliyekuwa amevua viatu chini ya meza akidhani hakuna anayemwona. Mezani palikuwa na jagi la maji, bilauri tatu na fomu za alama. Mtahiniwa namba kumi na saba aliingia, akaamkia, akakaa kwenye kiti kisicho na mikono, akapiga wimbo aliopangiwa tangu mwanzo hadi mwisho bila kukosea hata uzi mmoja. Akapewa alama sabini. Kufaulu ni themanini. Zile thelathini zilizobaki ni za kikohozi, na gitaa lake halikukohoa.

Watahini walimngoja, tusiwaonee. Mama wa wizarani alikuwa ameshafungua mdomo kusema "pole". Walingoja hadi wimbo ukaisha, wakatazamana, na mkuu wa chuo akaandika sifuri kwenye kisanduku cha mwisho. Mtahiniwa alishukuru, akatoka na gitaa lake, akajikaza mpaka getini, na hapo akaketi ukingoni mwa barabara akalia kwa sauti. Alikuwa na sababu. Mtoto wake alikuwa mgonjwa, na cheti kile ndicho kilichokuwa njia pekee ya kumtoa yeye kwenye kazi ya mlango uliofungwa na kumpeleka kwenye kazi ambayo mtoto angekuwa mbele ya macho yake.

Habari ya kikohozi ni hivi. Mtindo wenyewe ulianzishwa na bibi mmoja ambaye watu humwita Bi Gumba. Analishika gitaa kinyume, shingo ikielekea kulia na nyuzi nyembamba zikiwa juu. Kidole gumba ndicho kinachoimba, na kidole cha shahada ndicho kinachotembea kwenye nyuzi nene. Vidole vitatu vilivyobaki amevikunja kiganjani kana kwamba ameshika kitu na hataki kukiachia. Anapiga mapigo matatu. La nne halipigi. Analiacha wazi, na hapo kwenye uwazi gitaa linakohoa.

Ni kikohozi cha mtoto, kikavu, na kinatoka ndani ya tundu. Siku ya kwanza kiliposikika redioni, fundi mitambo alidhani ni waya mbovu. Akabadilisha waya, gitaa likakohoa. Akaitwa daktari. Daktari, mtu anayeijua kazi yake, aliweka kipimo chake cha kifua juu ya ubao, akasikiliza mbele na nyuma, akaandika dawa ya maji, kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni. Hakuna aliyejua namna ya kulifanya gitaa limeze, kwa hiyo jambo likaishia hapo. Watu wakazoea. Na kwa kuwa adabu ni adabu, gitaa likikohoa ukumbini watu wote husema "pole", mpigaji hujibu "asante" kwa niaba yake, na wimbo unaendelea. Bi Gumba peke yake ndiye asiyejibu. Yeye huweka kiganja juu ya tundu, akakiondoa, basi.

Baada ya hapo kila mtu akautaka mtindo ule. Wizara ikajenga chuo, chuo kikachapisha kitabu. Wanafunzi wakaanza kufunga vile vidole vitatu kwa vimpira hadi vinakufa ganzi. Mapigo matatu huyapata kwa mwaka mmoja au miwili. Kikohozi ndicho kinachowatoa jasho. Wako waliolaza magitaa yao dirishani kwenye baridi bila mfuko. Wako waliotia pilipili manga tunduni. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alilivutisha gitaa lake sigara kwa mwezi mzima, na aliyekohoa mwishowe ni yeye. Kwa miaka thelathini, magitaa yaliyokohoa hayajafika ishirini. La mkuu wa chuo linakohoa kwa sauti nzito ya mwanamume mzee, na kitabu kinaeleza kwamba tofauti hiyo inatokana na aina ya mbao.

Sasa, huyo mtahiniwa namba kumi na saba alikuwa mpiga pasi. Kazi yake ilikuwa kwenye kiwanda kinachofua mashuka ya hospitali kuu, wanawake arobaini chini ya paa moja la bati. Mlango wa kiwanda ni mmoja, wa chuma. Unafungwa saa moja kamili asubuhi na kufunguliwa saa kumi na moja jioni, kwa sababu inasemekana zamani mashuka yalikuwa yakipotea. Ufunguo hukaa kwenye mfuko wa shati la msimamizi, na msimamizi saa tatu huondoka na shati lake kwenda kukagua kiwanda kingine upande wa pili wa mji. Si mtu mbaya. Mfanyakazi akifiwa humpa siku tatu bila kunung'unika.

Mpiga pasi alikuwa na miaka tisa kwenye mashine namba nne. Kazi yenyewe haina makuu: unatandaza shuka, unashika kona ya kitambaa chenye maji kwa vidole vitatu visiachie, unakanyaga. Mvuke unatoka. Unakanyaga tena, mvuke. Mara ya tatu, mvuke. Kisha unainua kifuniko, na kwa muda wa pumzi moja mashine inanyamaza. Nyuma ya namba nne linapita bomba linalopeleka maji ya moto kwenye vyumba vya wafanyakazi ng'ambo ya ua, na chumba cha kwanza kwenye bomba hilo hupewa mwenye mashine hiyo. Mashine ikinyamaza, sauti za chumbani huja na bomba, wazi kabisa, kama vile mtu amesimama kizingitini. Kiwandani kila mtu alilijua jambo hilo na hakuna aliyeliona la kuzungumzwa.

Alikuwa na binti mmoja wa miaka saba, mwenye jina la bibi yake mzaa mama. Kwa hiyo mpiga pasi alimwita mtoto "mama", na mtoto alimwita yeye "mama", na jirani yao, mjane mwenye maneno mengi, alisema hajui katika nyumba ile nani kamzaa nani. Mtoto alikuwa na kifua. Kikimbana alikohoa mara mbili kwa haraka, akanyamaza, akakohoa ya tatu, halafu akasema, "Tayari," ili kuwatoa watu wasiwasi. Mchana alishinda na jirani. Kule mashineni mama yake aliinua kifuniko, akasikia mbili, akasikia ya tatu, akasikia "tayari", ndipo akatandaza shuka jingine. Siku ambazo "tayari" ilichelewa, alikaa roho mkononi na kitambaa kikimdondoshea maji miguuni. Kwenda hawezi. Kuomba ufunguo uachwe ndani alikwisha kuomba. Msimamizi alimhurumia kwa dhati, akasema naye ni mzazi, lakini agizo linatoka juu.

Hivyo ndivyo alivyoishi kwa miaka miwili, tangu kifua kilipoanza, akimlea mtoto kwa masikio.

Ndipo chuo kikatangaza nafasi ya mwalimu msaidizi. Tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wa hospitali, na mpiga pasi alilisoma mara tatu. Kazi ni ya asubuhi hadi saa sita. Sharti ni cheti cha mtindo wa Bi Gumba. Alikwenda kulitazama darasa lenyewe kupitia dirishani: milango miwili, yote haina kufuli, na nyuma kabisa benchi ambalo mtoto wa miaka saba angeweza kukaa akachora, akakohoa, akasema tayari, na mama yake yuko hatua kumi kutoka hapo. Nyumbani alikuwa na gitaa kuukuu alilorithi kwa mjomba wake. Lilikuwa juu ya kabati. Akalishusha.

Bi Gumba mwenyewe walikuwa wamempa chumba cha chini palepale chuoni, na kibao mlangoni chenye maelezo yake. Jumapili mchana alipokea wageni, wengi wakiwa wamekuja kupiga picha na kile kibao. Mpiga pasi alipoingia, bibi alinusa kabla ya kutazama.

"Unanuka wanga," alisema.

Mpiga pasi akamwamkia shikamoo, akaeleza anakofanya kazi. Bibi akauliza mashine namba ngapi. Aliposikia ni namba nne aliweka kikombe chini.

"Bado wanafunga mlango?"

"Bado, bibi."

Bibi akamwonyesha kiti, akamwambia ashike gitaa.

Somo la kwanza lilimchekesha Bi Gumba, naye si mtu wa kucheka. Alimwambia akunje vidole vitatu, akakuta vimekwisha kukunjika. Akasema wanafunzi wa pale chuoni wanakunja vidole kama watu waliobanwa na droo, na huyu amekuja amevikunja tangu kwa mwajiri. Mapigo matatu mpiga pasi alikuwa nayo mguuni kwa miaka tisa. Kazi iliyobaki ilikuwa kuyapandisha mkononi. Jumapili tatu zilitosha. Pigo la nne aliliacha bila kuelekezwa, akainamisha kichwa, akasikiliza, maana ndivyo alivyozoea. Gitaa likanyamaza. Bibi akasema vizuri. Jumapili iliyofuata likanyamaza tena, na bibi akasema vizuri sana. Mpiga pasi alidhani anatiwa moyo tu.

Kwa hiyo siku ya mtihani, alipokwisha kulia pale ukingoni mwa barabara, alijifuta uso na kurudi ndani ya uzio, akaenda moja kwa moja chumba cha chini. Alimwambia Bi Gumba kwamba amepata sabini, kwamba mtihani mwingine ni baada ya miezi sita, na kwamba mtoto hana miezi sita ya kukaa peke yake na kile kifua. Akamwomba amfundishe kikohozi.

"Hakifundishwi," alisema bibi. "Huyo unayemsikia ni mwanangu. Alikuwa na miaka minne. Asubuhi nilimsikia kwenye bomba. Saa sita nilimsikia. Saa nane niliinua kifuniko, sikusikia kitu. Mlango ulikuwa umefungwa, nikapiga mashuka mia moja na kumi mpaka saa kumi na moja."

Akaifuta meza kwa kiganja, ingawa ilikuwa safi.

"Kila gitaa linalokohoa lina mtu wake. La mkuu wa chuo ni baba yake. Alimwacha kitandani akaenda kwenye tamasha. Lako halikohoi kwa sababu wako yuko nyumbani. Nenda nyumbani, mwanangu. Ukashukuru."

Mpiga pasi alikwenda nyumbani, akashukuru. Kesho yake saa moja kamili mlango ulifungwa.

Mtu akikaa akalifikiri jambo hili kichwa kinamuuma. Ili apate kazi ya kukaa karibu na mtoto, ilimpasa kwanza awe amempoteza. Hakuna aliyekaa akalipanga hivyo. Lilijipanga lenyewe, na fomu zikachapishwa. Bi Gumba, ambaye kwa miaka thelathini hakuwa ameomba kitu chochote pale chuoni, alipanda ngazi hadi ofisi ya mkuu wa chuo na kuomba kikohozi kiondolewe kwenye alama. Mkuu wa chuo alimpokea kwa heshima zote, akamwekea mto mgongoni, akamsikiliza. Alipoambiwa sababu alitazama gitaa lake lililotundikwa ukutani, akaegemea kiti, akasema kikohozi ndicho kitambulisho cha chuo, lakini jambo hilo atalifikisha kwenye kamati. Kamati ilikutana. Iliamua kumpa Bi Gumba cheti cha heshima, chenye fremu nzuri ya mbao. Bibi alikitundika nyuma ya mlango, mahali ambapo mlango ukifunguliwa hakionekani.

Miezi minne ikapita hivyo, mbili, moja, tayari. Mbili, moja, tayari. Mpiga pasi alijiandikisha upya kwa mtihani bila kujua anatarajia nini. Alijaribu na yeye ujinga wa wengine, akaliacha gitaa usiku kucha karibu na ndoo ya maji. Mtoto alimwuliza kwa nini anataka gitaa liugue wakati ndani ya nyumba mgonjwa yuko. Mama yake akaliondoa.

Ilikuwa Jumatano ya msimu wa baridi. Saa nne mtoto alikohoa kama kawaida yake. Saa sita vilevile, ila "tayari" ilitoka kwa sauti ndogo. Saa saba na robo mpiga pasi aliinua kifuniko, akasikia mbili, kisha mbili nyingine, kisha nyingine zisizo na nafasi katikati. Hakukishusha kifuniko. Alipiga kelele wazime mashine, na wanawake arobaini wakazima, na kwa mara ya kwanza tangu kiwanda kijengwe wote walilisikia bomba. Wakachukua vyuma vya kuanikia wakaupiga mlango. Mlango ulitengenezwa kwa kazi hiyo hasa, wala haukupinda. Jirani akaja mbio upande wa nje, mtoto mgongoni. Mpiga pasi akalala kifudifudi, akapitisha vidole chini ya mlango, akavigusa viatu vya jirani, akamwambia asisimame hapo, akimbie hospitali. Jirani akakimbia. Pengine mtoto alisema tayari. Kwa kishindo cha zile mbio haikusikika.

Wanawake walikaa chini sakafuni. Baada ya nusu saa wakaanza kurudi mashineni, mmoja mmoja, bila kutazamana, maana hospitali ilikuwa ikingoja mashuka. Mpiga pasi naye alirudi namba nne, si kwa ajili ya kazi bali kwa ajili ya bomba. Alikanyaga mara tatu, akainua. Alikanyaga mara tatu, akainua. Msimamizi alifika saa kumi na moja kamili. Ni mtu wa kushika wakati.

Mtoto alikata roho njiani, wakiwa wamebakiza barabara moja tu kuvuka. Hospitali walikuwa wamemlaza juu ya shuka jeupe, na mama yake alilitambua shuka lile kwa mkunjo wa pembeni. Alikuwa amelipiga pasi Ijumaa.

Msimamizi alimpa siku tatu bila kunung'unika. Aliporudi siku ya nne alikuta kiwanda kimechukua hatua. Fundi alikuwa ameitwa, akalizungushia bomba matambara na kulipaka saruji juu yake, ili sauti zisiwasumbue wafanyakazi. Msimamizi aliisimamia kazi hiyo mwenyewe, na alimwambia mpiga pasi kwa upole kwamba kuanzia sasa hatasikia chochote. Alisema kweli. Mpiga pasi aliinua kifuniko siku nzima na hakusikia hata bomba lenyewe. Mlango haukuguswa, maana haukuwa na hitilafu.

Jumapili alishusha gitaa kulifuta vumbi. Kidole gumba kikaenda chenyewe mara tatu, kikaacha la nne. Gitaa likakohoa mbili kwa haraka, likanyamaza, likakohoa ya tatu. Hakushtuka. Aliweka kiganja juu ya tundu, jinsi alivyokuwa akikiweka kifuani mwa mtoto, akangoja neno lililobaki. Halikuja. Akapiga tena. Alipiga mpaka jua likazama, na jirani alikaa kizingitini akimenya mboga, kila lilipokohoa gitaa akisema pole, pole mama, pole, bila kuchoka.

Watu waliona ajabu moja tu, kwamba alikwenda kufanya ule mtihani. Waliuliza cheti ni cha nini sasa. Lakini sababu yake ilikuwa ileile ya zamani. Kiwandani alikuwa akishinda saa kumi bila kusikia kitu, na gitaa liko juu ya kabati nyumbani. Chuoni angeshinda nalo mapajani. Kazi ya kuwa karibu na mtoto ndiyo aliyokuwa akiitafuta tangu mwanzo, na hii ndiyo iliyokuwepo.

Ukumbi ulikuwa uleule, feni ileile, watahini walewale. Mama wa wizarani alikuwa na viatu vipya, navyo amevivua. Safari hii mpiga pasi alikuwa namba tisa. Bi Gumba alikuwa ameliona jina lake kwenye orodha iliyobandikwa mlangoni. Alifunga dirisha lake, lile linalotazamana na ukumbi, akakaa kitandani.

Mapigo matatu yakapigwa. La nne likaachwa. Gitaa likakohoa mbili, likanyamaza, likakohoa ya tatu.

"Pole," walisema watahini wote watatu.

Alitakiwa ajibu asante, kitabuni imeandikwa. Hakujibu. Aliweka kiganja juu ya tundu, akangoja. Alingoja kupita pigo moja, labda mawili, na chumba kizima kikangoja naye bila kujua. Kisha akaondoa kiganja, akaendelea. Mzunguko uliofuata akafanya hivyohivyo, na uliofuata, hadi mwisho wa wimbo. Mkuu wa chuo aliinua kalamu yake, akaishikilia hewani kwa muda akitazama ukuta, halafu akaandika thelathini. Jumla ikawa mia. Mama wa wizarani aliuliza kama gitaa limeshaonwa na daktari.

Sasa ni mwalimu. Darasa lina milango miwili, na yote hukaa wazi, hata mvua inyeshe. Benchi la nyuma halina mtu. Wanafunzi hulitumia kuwekea mifuko yao, naye kila asubuhi hupita akaishusha sakafuni, bila ugomvi, akarudi mbele. Hupiga tangu saa mbili hadi saa sita. Gitaa hukohoa, darasa husema pole, naye huweka kiganja na kungoja.

Kungoja kule hakukupotea bure. Chuo hakipotezi kitu. Mwalimu wa nadharia aliupima muda wake kwa saa ya mkononi, akauandikia sura nzima, na kitabu kikatolewa upya: baada ya kikohozi, weka kiganja tunduni, hesabu mbili, ndipo uendelee. Sasa wapigaji wote hufanya hivyo, hata wale ambao magitaa yao hayajawahi kukohoa. Redioni utawasikia, mapigo matatu, kimya, kisha kimya kingine. Watu wanasema ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Mtihanini ina alama kumi, na hadi leo hakuna mtahiniwa aliyeuliza wanangoja nini.

Jumapili moja alikuja mwanafunzi mpya, mwanamke wa makamo, gitaa la kuazima mkononi. Mwalimu, yule aliyekuwa mpiga pasi, alinusa kabla ya kutazama. Alimkaribisha kiti, akamwuliza mashine namba ngapi, akaambiwa namba nne. Akamwuliza kama ana mtoto. Mwanamke akasema anaye mmoja, wa miaka mitano, mzima kabisa, ila ana kifua kidogo tu.

"Bado wanafunga mlango?"

"Bado, mwalimu. Ila siku hizi kuna utulivu. Hatusikii kitu."

Mwalimu akamwonyesha jinsi ya kukunja vidole, ingawa vilikuwa vimekwisha kukunjika. Mwanamke alipiga mapigo matatu, akaacha la nne, akaweka kiganja tunduni kama kitabu kinavyosema, akahesabu mbili. Gitaa lilinyamaza. Akainua macho kwa aibu, akasema samahani.

"Vizuri sana," mwalimu alimwambia. "Nenda nyumbani."

Mwanamke alikwenda. Kesho yake ilikuwa Jumatatu, na mlango ulifungwa saa moja kamili.